Kutoka bondeni hadi kituo cha mwendokasi: mtaa uanzie wapi?

Swali: "Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Kimara, Dar es Salaam, upande wa bondeni. Kutoka kwetu hadi kituo cha mwendokasi ni kama kilomita moja na nusu, lakini watu wengi wanapanda bodaboda, shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Vijana wanataka tufanye kampeni ya kuhamasisha kutembea na kuendesha baiskeli: tuchapishe fulana, tuwe na siku moja bila magari. Diwani amesema atatusikiliza tukiwa na hoja. Tuanzie wapi, na fedha kidogo tutakazopata tuziweke kwenye nini?"

Ndugu mjumbe, fulana ziwekeni kando kwanza. Mtu anayelipa 2,000 kwa siku, siku 22 za kazi, anatoa 44,000 kila mwezi kwa safari ya dakika ishirini za miguu. Kwa kipato cha wakazi wengi wa Kimara hiyo si hela ya starehe. Anakimbia kitu: tope, giza, korongo, mbwa wa nyumba fulani, au barabara asiyoweza kuivuka akiwa na mtoto. Kazi ya kwanza ya kamati ni kujua anakimbia nini na mahali gani hasa. Mkishaondoa hicho kitu, watu watatembea bila kuhutubiwa.

Anzeni kwa kuhesabu. Chagueni siku ya katikati ya wiki, Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa na mvua haijanyesha. Wekeni watu wawili pale mtaa unapotokea barabara kubwa, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Karatasi iwe na safu za waenda kwa miguu, baiskeli, abiria wa bodaboda, abiria wa bajaji na magari binafsi, na kila dakika 15 mnaanza mstari mpya. Wanawake na wanaume muwaandike mbalimbali. Safu hiyo ndiyo itakayowaambia mengi: kama asubuhi wanawake wengi wanatembea na jioni baada ya saa 1 wote wako juu ya bodaboda, tatizo lenu ni giza, na zege haitalitatua. Rudieni wiki inayofuata, kwa sababu hesabu ya siku moja hupotoshwa na msiba, mechi au bei ya mafuta.

Halafu pimeni njia yenyewe. Kwenye ramani ya simu pimeni umbali wa mstari mnyoofu kutoka katikati ya makazi hadi kituoni, kisha tembeeni njia ambayo watu wanaifuata kweli, simu ikirekodi. Gawanyeni umbali wa njia kwa umbali wa mstari mnyoofu. Jibu likiwa chini ya 1.3, njia ni nzuri. Likizidi 1.5, watu wanazungushwa. Kwa mfano wenu, kama mstari mnyoofu ni mita 900 na njia ni mita 1,500, mnapata karibu 1.7. Mahali fulani kuna ukuta, korongo au kiwanja kilichofungwa kinachowaongezea dakika saba au nane kila safari, na kulifungua pengo hilo moja kunaweza kuwa na faida kuliko kutengeneza njia nzima iliyopo. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulichora kata nyingi za Dar es Salaam kwa kutumia wakazi na wanafunzi, na kazi yake iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Angalieni kama vichochoro vyenu vimo. Visipokuwamo, viingizeni ninyi wenyewe.

Kuhusu vichochoro nataka niseme kwa mkazo, maana huu ndio upungufu unaopotea kimyakimya. Kwenye makazi yaliyokua bila kupimwa, njia ya miguu huwa ni makubaliano ya majirani tu. Urasimishaji ukija, mpimaji anaweka bikoni, mchoro wa mipango miji unapitishwa, hati zinatoka, na njia ambayo haikuchorwa inakuwa sehemu ya kiwanja cha mtu. Mwenye hati akijenga ukuta hapo hana kosa. Kwa hiyo kama mtaa wenu bado uko kwenye urasimishaji, kaeni na mchoro kabla haujapitishwa, mtembee nao chini, na kila kichochoro kinachofika barabarani mkidaie angalau mita 2. Wakazi wengi watatoa mita moja kila upande wakielewa kwamba ndiyo njia ya jeneza na ya mgonjwa pia. Kama hati zimeshatoka, kilichobaki ni kuzungumza na mwenye kiwanja na kuandikishana mbele ya mtendaji. Ni kazi ngumu zaidi, ila inawezekana.

Sasa njia yenyewe. Upana wa mita 2 unatosha watu wawili kupishana na mmoja anayekokota baiskeli. Mita 1.5 ndiyo mwisho wa chini, na kwa sehemu fupi tu. Kosa linalorudiwa kila mtaa ni kumwaga kifusi juu ya udongo laini wiki mbili kabla ya masika, kisha kushangaa Aprili kimekwenda wapi. Chimbeni na kuondoa udongo wa juu kama sentimita 15, wekeni moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa tabaka mbili, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 3 kila mita, ili maji yateremke na yasikae. Kwa mita 100 za njia yenye upana wa mita 2 mnahitaji mita za ujazo 30 zikishashindiliwa. Moramu ikiwa imelegea inachukua nafasi zaidi, kwa hiyo agizeni kama 39. Hizo ni safari sita za lori linalobeba mita za ujazo 7. Na mtaro mdogo upande wa juu wa mteremko ni sehemu ya njia, haungojei awamu ya pili. Kinachoua njia Kimara ni maji yanayoikata kutoka upande, miguu ya watu haina kosa.

Pale mteremko unapozidi mita 1 kwenda chini kwa kila mita 8 za mbele, moramu haitakaa hata mshindilie vipi. Wekeni ngazi za zege au mawe: kila ngazi kimo sentimita 15, kina cha kukanyagia sentimita 30 hadi 35, na baada ya kila ngazi kumi au kumi na mbili pawe na sehemu bapa ya kupumzikia. Pembeni mwa ngazi, ndani ya zege hiyohiyo, fundi aache mfereji laini wa upana wa sentimita 15 unaoshuka sambamba na ngazi. Mwenye baiskeli anaingiza magurudumu humo na kuisukuma bila kuibeba begani. Unagharimu karibu na bure ukikumbukwa siku ya kumwaga zege, na ukisahauliwa hautaongezwa tena. Uache kama sentimita 30 kutoka ukutani, la sivyo pedali na usukani vitagonga ukuta.

Korongo ni habari nyingine. Kulaza mabomba mawili ya kalvati chini ya kivuko ni rahisi, na ndiyo maana yanawekwa. Lakini bondeni maji huja na matawi, magodoro na mifuko, bomba linaziba usiku mmoja, maji yanapanda na kuondoka na kivuko chote, wakati mwingine na kona ya nyumba ya jirani. Kivuko cha waenda kwa miguu kinachoruka korongo bila nguzo katikati ni salama zaidi, chenye reli za kushikia zenye kimo cha mita 1.1, na 1.2 kama baiskeli zitapita. Hapo msijaribu wenyewe. Ni kazi ya mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ndiyo ombi kubwa mnalopaswa kumpelekea diwani.

Mwanga unaweza kuanza kabla ya bajeti yoyote. Taa za sola juu ya nguzo ni nzuri zikiwa kwenye kimo cha mita 5 hadi 6, umbali wa mita 20 hadi 25 kati ya nguzo, betri ikiwa juu pamoja na taa. Betri za chini huibwa. Lakini kila nyumba inayotazama njia ikiwasha balbu moja ya LED ya wati 9 nje, saa nne kila usiku, inatumia kama uniti moja ya umeme kwa mwezi. Nyumba kumi zikikubali, mita mia mbili za njia zina mwanga wiki hii. Balbu ielekezwe chini, njiani. Ikitazama usoni mwa mpita njia inampofusha, na anayejificha nyuma yake haonekani.

Juu barabarani ndipo hatari yenyewe ilipo. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha imepanuliwa hadi njia nane. Piga hesabu: njia nane za mita 3.5 ni mita 28 bila kuhesabu katikati. Mtu mzima anayetembea mita 1.2 kwa sekunde anahitaji sekunde 23 kuvuka, na bibi au mama mwenye mtoto anayekwenda mita 0.8 anahitaji 35. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde, na dereva akishtuka kwenye lami kavu anahitaji kama mita 28 kusimama. Kwa kilomita 30 anahitaji kama 13. Tofauti hiyo ya mita 15 ndiyo uhai wa mtoto aliyeingia ghafla barabarani. Ombeni TANROADS, wakala wa barabara kuu, mambo matatu kwenye kivuko chenu: kisiwa katikati chenye upana usiopungua mita 2 ili watu wavuke nusu nusu, taa ya waenda kwa miguu yenye muda uliopimwa kwa mtembeaji wa polepole, na vitu vya kupunguza mwendo kabla ya kivuko. Mchoro wa pundamilia peke yake kwenye barabara ya namna hiyo unampa mvukaji imani ambayo dereva hana habari nayo.

Mkiambiwa suluhisho ni daraja la juu, ulizeni litakuwa na mteremko wa kiti cha magurudumu au ngazi tu. Kupanda mita 6 kwa mteremko unaokubalika wa 1 kwa 12 kunahitaji mita 72 kila upande, na mtu anayeona upande wa pili uko mita 28 mbele yake atapita chini. Hapo analaumiwa yeye, wakati kosa ni la mchoro.

Barabara za ndani ni rahisi zaidi. Kwenye lango la shule na pale njia yenu inapokata barabara ya mtaa, kivuko kilichoinuliwa hufanya kazi mbili kwa mpigo: kimo sentimita 8 hadi 10, juu bapa kwa mita 3 au zaidi, na miteremko ya mita 1 hadi 1.5 kila upande. Kivuko kifike hadi ukingo wa mtaro pande zote, maji yakipitishwa chini. Mkiacha upenyo wa nusu mita pembeni, bodaboda zote zitapita hapo, yaani palepale watoto wanapotembea. Matuta ya wananchi ya udongo na magogo msiyajenge: ni makali mno, hayana alama, na usiku mwenye pikipiki anaanguka. Kazi ya Amend, shirika la usalama barabarani, ya kurekebisha mazingira ya shule, iliyoanzia hapahapa Dar es Salaam na kupata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019, ilitumia vitu vidogo vya aina hii: njia za pembeni, vivuko, matuta, uzio na kuhamisha lango la shule litazame upande salama. Mweleweshe diwani kwamba mnaomba kitu kilichokwisha kufanyika mjini hapa.

Baiskeli nimeiweka nyuma kwa makusudi. Kimara ni vilima. Baiskeli nzito ya gia moja, ile ya kilo 20 hivi, inasukumwa kwenye kila kilima kikali, na mtu akifika kituoni amelowa jasho hataijaribu mara ya pili. Inayofaa ni ya gia, mtumba hata, yenye duara dogo la meno mbele, kwenye pedali, tairi za upana wa inchi 1.75 au zaidi kwa ajili ya mchanga, na kava la mnyororo kwa wenye magauni na kanga. Breki zipimwe kwenye maji kabla ya kununua. Za fimbo zinateleza mvuani, na kushuka bondeni bila breki hakuna mzaha. Kwa kilomita moja na nusu mwendeshaji anafika kwa dakika saba hivi hata akienda taratibu, na faida yake kubwa zaidi ni kwa wanaokaa kilomita 3 hadi 4 ndani, ambako miguu haitoshi.

Kinachoamua kama atakuja nayo ni mahali pa kuiacha. Msinunue vile vizuizi vya kubana gurudumu la mbele: vinapinda rimu, na mwizi anafungua gurudumu na kuondoka na baiskeli. Mchomeleaji awatengenezee matao ya bomba la chuma la inchi moja na nusu hadi mbili, umbo la U iliyogeuzwa, kimo sentimita 75 hadi 80 juu ya ardhi, urefu sentimita 80 hadi mita 1, miguu ikiingia sentimita 30 kwenye zege. Kati ya tao na tao acheni mita 1. Kila tao linafunga baiskeli mbili, fremu na gurudumu kwa mnyororo mmoja. Juu pawe na bati, kwa sababu tandiko lililolowa jioni linamrudisha mtu kwenye bodaboda kesho yake.

Mlinzi lazima awepo kuanzia basi la kwanza hadi wa mwisho wa kurudi, yaani zamu mbili, saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Maegesho ya namna hii hufa kwa sababu moja mara nyingi: mlinzi anaondoka saa 12 jioni, wateja wanarudi saa 2 usiku, baiskeli moja inapotea, na habari inaenea siku hiyohiyo. Baiskeli 40 kwa shilingi 200 ni 8,000 kwa siku, haziwalipi watu wawili. Kwa hiyo palepale pawe na fundi wa baiskeli, pampu, viraka na soda. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 za halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuanzishia kazi hii. Sehemu nzuri ni ndani ya mita 30 kutoka mlango wa kituo. Ikiwa mbali zaidi, watu wataendelea kufunga baiskeli kwenye nguzo na mageti. Kama ni eneo la kituo chenyewe, ruhusa ni ya DART, wakala wa mabasi ya mwendokasi. Kama ni hifadhi ya barabara, ni ya TANROADS. Msimwage zege kabla ya barua.

Waendesha bodaboda msiwageuze maadui. Mzee, mgonjwa na mwenye gunia bado wanawahitaji, na kijiwe hicho ndicho kinachoona njia usiku. Kaeni na mwenyekiti wa kijiwe, wapeni egesho lao mita 30 hadi 50 kutoka kivukoni, lenye kivuli, wasizibe mdomo wa njia. Nguzo fupi za kuwazuia wasiingie kwenye njia ya miguu hazisaidii: pikipiki inapita popote baiskeli inapopita, na mkizibana zaidi mnamzuia mwenye kiti cha magurudumu, anayehitaji angalau sentimita 90. Makubaliano na barabara ya ndani inayopitika vina nguvu kuliko nguzo. Wachuuzi nao wapangwe upande mmoja, mita 2 zibaki wazi. Wakiondolewa wote watarudi, kwa sababu wateja wako pale. Na njia isiyo na mtu anayeuza chochote saa 2 usiku inaogopesha.

Kwa wanaokaa mbali zaidi ya kilomita 2, fikirieni bajaji za kugawana nauli kwenye njia maalumu, au daladala ndogo ya kuingia ndani. Kibali cha njia kinatoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na watauliza kama barabara inapitika mwaka mzima. Pimeni pia muda wa kusubiri kituoni: mtu mmoja, saa moja ya asubuhi, aandike kila basi lilivyofika na kama watu walibaki. Anayetembea dakika 20 kisha akasubiri 40 atarudi kwenye pikipiki inayompeleka moja kwa moja, na hesabu hiyo mkiipeleka DART kwa maandishi ina uzito kuliko malalamiko.

Siku bila magari ni jambo jema kama mji unaifunga barabara na kurudia. Bogotá ilianza kufunga baadhi ya barabara zake mwaka 1974 na sasa hufanya hivyo kila Jumapili, na Kigali ilianza 2016 na sasa ni mara mbili kwa mwezi. Siku moja ya mtaa mmoja, bila njia kutengenezwa, haibadilishi safari ya Jumatatu. Ifanyeni siku ya kufungua njia mpya, ili watu waijue.

Mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya mitaa na kata huanza kukusanywa kuanzia Oktoba. Kwa hiyo hesabu zenu ziwe mezani kwa mtendaji wa kata kabla ya Novemba, zipite kamati ya maendeleo ya kata. Barabara za mtaa ziko chini ya TARURA, yenye bajeti yake tofauti na halmashauri. Barua moja iende kwa meneja wake wa wilaya na nakala kwa diwani, nyingine kwa TANROADS kuhusu kivuko. Kila barua iwe na ombi moja tu, picha tatu, nukta ya ramani, urefu na upana wa kinachoombwa, na namba za waliohesabiwa. Barua yenye maombi kumi inajibiwa "limepokelewa" na kuingia kabatini. Na miezi mitatu baada ya njia kukamilika, hesabuni tena mahali palepale, saa zilezile, ikiwezekana watu walewale.